Vipimo vya Ini na Magonjwa ya Virusi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Karatasi ya majibu ya ini huja na vifupisho vingi na alama pembeni mwa tarakimu zilizopita kiwango. Aliyeishika hataki somo la kemia. Anataka kujua hali itakwendaje. Maswali yafuatayo ni yale yanayorudiwa na wagonjwa, ndugu wanaouguza, na wahudumu wa afya walio mwanzoni mwa kazi. Majibu hayashiki nafasi ya daktari anayemwona mgonjwa kitandani. Yanasaidia kumwelewa anaposema, na kumuuliza swali la maana.

Haya majibu sita au saba yanapima nini hasa?

Yanapima mambo mawili tofauti yaliyowekwa kwenye karatasi moja, na mkanganyiko mwingi unaanzia hapo.

La kwanza ni uharibifu. ALT na AST ni vimeng'enya vinavyokaa ndani ya seli. Seli ikijeruhiwa au ikifa, vinavuja na kuingia kwenye damu. ALT imejaa zaidi kwenye ini. AST imo kwenye ini pia, lakini imo vilevile kwenye moyo, misuli, figo na chembe nyekundu za damu. Wenzao wawili, ALP na GGT, hupanda zaidi pale njia za nyongo zinapoziba au kuvimba.

La pili ni kazi. Ini hutengeneza albumini na protini zinazogandisha damu, na huondoa bilirubini inayotokana na chembe nyekundu zilizochakaa. Kwa hiyo albumini, bilirubini na muda wa damu kuganda, unaoandikwa kama INR, ndivyo vinavyoonyesha kama ini bado linamudu majukumu yake.

Angalia jambo moja: INR mara nyingi haimo kwenye kifurushi cha kawaida cha vipimo vya ini. Huombwa peke yake na huhitaji chupa nyingine ya damu. Ndiyo maana utamkuta mgonjwa mwenye homa ya ini kali (yaani iliyoanza ghafla, si sugu) amerudiwa ALT mara nne na INR hajapimwa hata mara moja. Kama unauguza mtu mwenye macho ya manjano na INR haipo kwenye karatasi, iulizie.

ALT yangu ni 2,000. Je, nipo hatarini?

Tarakimu hiyo peke yake haiwezi kujibu.

Mtu mzima aliyepatwa na homa ya ini aina ya A anaweza kufikisha ALT ya uniti elfu mbili au tatu kwa lita, akawa wa manjano, akachukia chakula kwa wiki kadhaa, kisha akapona bila kovu lolote. Wanaopata ini kushindwa kufanya kazi kwa sababu ya aina A hawafiki mmoja katika mia. Kwa upande mwingine, mtu mwenye sirosisi (ini lililojaa makovu) iliyotokana na homa ya ini B au C anaweza kuwa na ALT ya 45 tu na akawa amebakiza miezi michache ya kuishi, kwa sababu seli zilizobaki ni chache na hakuna vingi vya kuvuja.

Kuhesabu vigae vilivyoanguka hakukwambii kama kuta bado zimesimama. ALT ni hesabu ya vigae.

Inachokwambia ALT ya 2,000 ni kwamba jeraha ni kubwa na ni la hivi karibuni, na kwamba chanzo kinapaswa kutafutwa leo hii. Vyanzo vya tarakimu kubwa namna hiyo si vingi: virusi vya homa ya ini, sumu ya dawa (paracetamol iliyozidishwa ikiwa mbele), na ini kukosa damu au hewa ya kutosha, kama inavyotokea kwa mgonjwa ambaye presha yake imeporomoka.

Basi kipimo kipi kinatabiri vizuri zaidi kwa homa ya ini kali?

INR, ikisomwa pamoja na hali ya akili ya mgonjwa. Bilirubini inafuata.

Sababu iko kwenye muda. Albumini hukaa kwenye damu takriban wiki tatu kabla nusu yake haijaisha. Kwa hiyo ini linaweza kusimama kabisa na albumini ikaonekana nzuri kwa siku nyingi. Lakini moja ya protini za kugandisha damu, ile ya saba, nusu yake huisha ndani ya saa chache tu. Ini likiacha kuitengeneza asubuhi, jioni INR imeshaanza kusogea. Hakuna kipimo kingine cha kawaida kinachotoa taarifa kwa haraka hivyo.

Ufafanuzi wa ini kushindwa ghafla umejengwa juu ya hilo: INR ya 1.5 au zaidi, pamoja na kuchanganyikiwa kwa akili kunakosababishwa na ini, kwa mtu ambaye hakuwa na ugonjwa wa ini kabla, ndani ya wiki 26 tangu kuugua. ALT haimo kabisa kwenye ufafanuzi huo.

Vigezo vya King's College, London, vilivyochapishwa mwaka 1989 na vinavyotumika mpaka leo kuamua nani apelekwe kupandikizwa ini, vinafuata njia ileile. Kwa wale ambao chanzo si paracetamol, INR inayozidi 6.5 inatosha peke yake. Au yapatikane matatu kati ya haya matano: umri chini ya miaka 10 au zaidi ya 40, chanzo kisicho homa ya ini A wala B au kilicho dawa, zaidi ya siku saba kati ya macho kuwa manjano na akili kuchanganyikiwa, INR inayozidi 3.5, na bilirubini inayozidi maikromoli 300 kwa lita. Tena ALT haimo. Waliovitunga vigezo hivyo hawakuisahau. Haikuwasaidia kutenganisha waliopona na waliokufa.

Tahadhari moja kabla ya kuogopa INR. Mtu asiyekula kwa siku nyingi, au ambaye njia ya nyongo imeziba, hukosa vitamini K, na INR yake hupanda ingawa ini lina uwezo. Hupewa vitamini K kwa sindano na kupimwa tena baada ya siku moja hivi. Ikirudi, tatizo lilikuwa vitamini. Ikigoma, tatizo ni ini.

Jana ALT ilikuwa 3,800, leo ni 1,500. Tufurahi?

Inategemea vipimo vingine vimeelekea wapi, na hapa ndipo watu wengi hudanganyika, wakiwemo wahudumu wa afya.

Uharibifu ukikoma, vimeng'enya hushuka kwa kasi inayojulikana. AST hupungua nusu kwa takriban saa 17, ALT kwa takriban saa 47. Kwa hiyo kushuka ni jambo la kutarajiwa kwa anayepona. Lakini vimeng'enya hushuka pia seli zinapokwisha. Ini lililoangamia halina tena cha kumwaga.

Namna ya kutofautisha ni kutazama mistari mitatu kwa pamoja. ALT inashuka, INR inashuka, mgonjwa ameanza kuomba chakula: anapona. ALT inashuka, bilirubini inapanda, INR inapanda, mgonjwa analala mchana na kukesha usiku au anajibu maswali hovyo: hiyo ni dharura, na kila saa ina thamani. Karatasi inayoonyesha ALT peke yake ingesomeka sawa kwa wote wawili.

Kwa nini virusi ambavyo si vya homa ya ini navyo huharibu vipimo vya ini?

Kwa njia kadhaa, na mara nyingi zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Vingine huingia kwenye seli za ini na kuzaliana humo. Virusi vya homa ya manjano na vya homa ya Bonde la Ufa ni mifano mikubwa. Vingine huchochea kinga ya mwili mpaka moto wake unaunguza viungo visivyohusika. Kuna presha kushuka na hewa kupungua kwenye damu, mambo yanayolinyima ini oksijeni. Kuna misuli kuharibika. Na kuna dawa tunazompa mgonjwa sisi wenyewe.

Ndiyo maana kwa magonjwa haya AST huwa na habari nyingi kuliko ALT. Udhaifu wake wa kutoka kwenye viungo vingi unageuka kuwa faida: inapopanda sana, inaeleza uharibifu wa mwili mzima. Kwa homa ya ini ya kawaida ya virusi, ALT huwa juu ya AST. Uwiano wa viwili hivyo umepewa jina la Fernando De Ritis, Mwitaliano aliyeueleza mwaka 1957. Ukikuta AST iko mbali juu ya ALT kwa mgonjwa mwenye homa kali, fikiria zaidi ya ini.

AST inaweza kweli kutabiri nani atakufa kwa homa za kutoka damu?

Kwa kiasi cha kushangaza, ndiyo. Hapa ndipo vipimo vya ini vimefanya kazi kubwa kuliko vinavyosifiwa.

Homa ya Lassa ndiyo mfano wa zamani. Utafiti uliofanywa Sierra Leone na kuchapishwa mwaka 1986 ulitumia AST ya uniti 150 siku ya kulazwa kama mstari wa kugawa wagonjwa. Waliokuwa juu ya mstari huo na hawakupata dawa, asilimia 55 walikufa. Waliokuwa juu ya mstari na wakapewa ribavirin kwenye mshipa ndani ya siku sita za kwanza za ugonjwa, vifo vilikuwa asilimia 5. Wataalamu wa leo wanabishana kuhusu ribavirin, kwa kuwa utafiti ule ulilinganisha baadhi ya wagonjwa na waliotibiwa miaka ya nyuma. Mstari wa AST wenyewe haujapingwa kwa nguvu hiyo. Tazama pia udogo wa namba: 150. Kwa mgonjwa wa homa ya ini A, AST ya 150 ni habari njema.

Kwa homa ya damu ya Crimean-Congo, madaktari wa Afrika Kusini walitoa vigezo mwaka 1989 ambavyo bado vinanukuliwa: ndani ya siku tano za kwanza za ugonjwa, AST ya 200 au zaidi, au ALT ya 150 au zaidi, ni dalili kwamba mgonjwa huenda asipone. Vigezo hivyo havikusimama kwenye ini pekee. Vilihusisha pia chembe nyeupe nyingi kupita kiasi, chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) 20,000 au pungufu, na damu kuchelewa kuganda.

Ebola inafuata mkondo huohuo. Katika mlipuko wa Ebola ya aina ya Sudan uliotokea Gulu, Uganda, mwaka 2000, waliofariki walikuwa na AST iliyo juu zaidi kwa mbali kuliko walionusurika, huku albumini yao ikiwa chini. Miaka mingi baadaye, jaribio la PALM nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lililolinganisha dawa nne mwaka 2018 na 2019, lilionyesha kwamba wagonjwa walioanza wakiwa na kreatinini (kipimo cha figo), AST na ALT za juu, pamoja na wingi mkubwa wa virusi, walikufa zaidi hata kwa dawa zilizofanya vizuri. Kila siku ya kuchelewa kufika kituoni nayo iliongeza hatari.

Homa ya manjano ndiyo inayoharibu ini kuliko zote hizi, na bado AST huizidi ALT kwa sababu moyo na misuli vimo kwenye dhoruba. Wakati wa mlipuko wa São Paulo, Brazil, mwaka 2018, vitu vilivyobaki vikitabiri kifo baada ya hesabu zote kupigwa vilikuwa umri mkubwa, wingi wa nyutrofili (aina ya chembe nyeupe), AST ya juu na wingi wa virusi. Bilirubini, ambayo ndiyo inayoonekana machoni mwa kila mtu, ilihusiana na vifo lakini haikusimama peke yake.

Na dengue? Wengi hupata AST na ALT zilizopanda kidogo tu, zikarudi zenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unasema AST au ALT ikifika 1,000, huo ni dengue mkali, hata kama mgonjwa havuji damu. Ini kuvimba zaidi ya sentimita mbili ni dalili ya tahadhari.

Ukizipanga namba hizi pamoja (150, 200, 1,000) utaona kwa nini haiwezekani kutoa mstari mmoja wa hatari kwa virusi vyote. Swali la kwanza ni virusi gani, la pili ni siku ya ngapi ya ugonjwa, na ndipo tarakimu ipate maana.

Na korona?

Kwa walio wengi, ini huguswa kidogo: AST na ALT huwa mara mbili au tatu ya kawaida, AST ikiwa mbele. Ini kushindwa kabisa kwa sababu ya virusi hivi ni nadra. Hata hivyo AST iliyopanda na albumini iliyo chini siku ya kulazwa zimehusishwa mara kwa mara na ugonjwa mkali na vifo.

Hapa albumini haishuki kwa sababu ini limechoka. Tumeshaona kwamba albumini haishuki upesi kwa njia hiyo. Inashuka kwa kuwa mwili uliowaka kwa uvimbe hupunguza kuitengeneza, na mishipa iliyolegea huivujisha. Inapima ukali wa moto wote.

Aliyekuwa na sirosisi kabla ya kuambukizwa ni habari nyingine. Takwimu za wagonjwa wa nchi mbalimbali zilizokusanywa mwaka 2020, kabla ya chanjo kuenea, zilionyesha vifo vya asilimia 19 kwa wenye sirosisi ya daraja A la Child-Pugh (alama za uwezo wa ini, A ikiwa nafuu na C mbaya zaidi), 35 kwa daraja B, na 51 kwa daraja C. Kilichotabiri kilikuwa uwezo wa ini waliokuja nao. Vimeng'enya vya siku ile havikuwa na uzito huo.

Bilirubini yangu ni ya kawaida na macho ni meupe. Nitulie?

Kwa virusi vingi, ndiyo, ni ishara nzuri. Kwa virusi vya malengelenge (herpes) vinavyoingia kwenye ini, sivyo. Ugonjwa huo ni nadra. Huwapata zaidi wajawazito walio miezi ya mwisho na watu ambao kinga yao imeshuka. Homa kali, AST na ALT za maelfu, chembe nyeupe chache, na bilirubini ambayo karibu haijaguswa. Madaktari husubiri manjano ambayo haiji, na mgonjwa anapotea. Dawa ya asiklovia inayoanzishwa mapema, hata kabla jibu la maabara halijarudi, ndiyo tumaini lake.

Mtoto naye ana mtego wake. Ugonjwa wa Reye, unaoweza kufuata mafua au tetekuwanga kwa mtoto aliyepewa aspirini, huja na kutapika mfululizo, kusinzia, vimeng'enya juu na amonia juu, bilirubini ikiwa karibu na kawaida. Ndiyo sababu mtoto mwenye homa ya virusi hapewi aspirini.

Mke wangu ni mjamzito na ana homa ya ini E. Vipimo vyake vinasomwa tofauti?

Ugonjwa wenyewe ni tofauti. Kwa watu wengine aina E hupita yenyewe kama A, lakini kwa mjamzito aliye miezi mitatu ya mwisho Shirika la Afya Duniani linataja vifo vya asilimia 20 hadi 25. ALT haitakwambia yumo upande gani. INR, sukari ya damu na akili yake ndivyo vya kufuatilia, na vifuatiliwe akiwa amelazwa. Kumbuka pia kwamba ALP hupanda kwa mjamzito mwenye afya, kwa kuwa kondo la nyuma huitengeneza, na albumini hushuka kidogo kwa sababu damu imeongezeka maji. Hayo mawili yasikutishe.

Nina homa ya ini B sugu, na ALT ni ya kawaida miaka yote. Maana yake sina tatizo?

Sio lazima. Kwanza, uliza "kawaida" ya nani. Maabara nyingi huandika kikomo cha 40 au zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 kuhusu homa ya ini B unatumia 30 kwa wanaume na 19 kwa wanawake. Mwanamke mwenye ALT ya 34 anaambiwa yuko sawa na karatasi moja, na yuko juu ya kiwango kwa kipimo kingine.

Pili, kwa ugonjwa sugu, kinachotabiri miaka ijayo ni makovu. ALT ya leo haiyaoni. Kuna hesabu mbili za bei ndogo zinazoyakisia bila kutoboa ini. APRI huchukua AST, ikagawanywa kwa kikomo cha juu cha maabara, kisha kwa chembe sahani (kwa maelfu), halafu huzidishwa kwa 100. FIB-4 huzidisha umri kwa AST, ikagawanya kwa chembe sahani zilizozidishwa na kipeuo cha pili cha ALT.

Chukua mtu wa miaka 50 mwenye AST 80, ALT 64, chembe sahani 100 (yaani 100,000) na kikomo cha maabara cha 40. APRI yake ni 2. FIB-4 yake ni 5. Mwongozo wa 2024 unachukulia APRI inayozidi 1 kama dalili ya sirosisi kwa mtu mzima, na FIB-4 inayozidi 3.25 huashiria makovu makubwa. Hakuna tarakimu ya ALT hapo ambayo ingemshtua mtu, lakini jumla yake inashtua.

Sirosisi ikishathibitika, kazi ya kutabiri inahamia kwa alama za Child-Pugh (bilirubini, albumini, INR, maji tumboni na hali ya akili) na za MELD (bilirubini, INR na kreatinini), ambazo Marekani ilianza kuzitumia mwaka 2002 kupanga foleni ya kupandikizwa ini. Matoleo ya baadaye ya MELD yameongeza sodiamu na mengineyo.

Daktari anasema huenda ni dawa, si virusi. Vipimo vinaweza kuamua?

Peke yake, haviwezi. Historia ya dawa na vipimo vya virusi ndivyo vinavyoamua. Lakini kuna kanuni inayofaa kujulikana, iliyotokana na kazi ya Hyman Zimmerman, daktari wa Marekani aliyechunguza madhara ya dawa kwenye ini: jeraha la dawa likipandisha ALT zaidi ya mara tatu ya kikomo cha juu na bilirubini zaidi ya mara mbili, bila njia ya nyongo kuziba, takriban mgonjwa mmoja katika kumi atakufa au atahitaji ini jingine.

Usiihamishie kanuni hiyo kwenye homa ya ini A. Huko karibu kila mtu mzima mwenye manjano anaivuka mara nyingi na bado anapona. Nimeona ikitumika hivyo na familia ikaambiwa ijiandae kwa msiba usiokuja.

Kuna mambo yanayopandisha tarakimu bila ini kuwa na shida?

Yapo. Damu iliyochukuliwa kwa shida na chembe zikapasuka ndani ya bomba hupandisha AST. Mazoezi mazito, degedege au kuanguka na kuumia misuli hupandisha AST na hata ALT. Kipimo cha CK, kimeng'enya cha misuli, hufichua. Hali ya kurithi ya Gilbert hupandisha bilirubini kidogo kila mtu huyo anapofunga au kuugua mafua, bila madhara yoyote.

Vipimo virudiwe kila baada ya muda gani?

Mwenye homa ya ini kali aliye nyumbani, anakula na anajielewa: mara moja au mbili kwa wiki mpaka INR na bilirubini zianze kushuka. Aliyelazwa na INR imepita 1.5: kila siku, na ikizidi kupanda, mara mbili kwa siku. Mwenye homa ya kutoka damu: kila siku kwa wiki ya kwanza, pamoja na kreatinini na chembe sahani, kwa sababu ini likiporomoka pamoja na figo matarajio hubadilika haraka.

Akili ya mgonjwa haihitaji maabara. Mwandikishe jina lake kila asubuhi kwenye karatasi ileile. Mwandiko ukianza kuharibika, mpeleke hospitali bila kusubiri majibu.

Kuna dawa ya kushusha ALT?

ALT haitibiwi. Kinachotibiwa ni chanzo. Mitishamba ya "kusafisha ini" iachwe kabisa wakati huu. Baadhi yake huharibu ini, na daktari atashindwa kujua anapambana na nini. Pombe pia. Paracetamol inaruhusiwa kwa wengi, lakini mwenye homa ya ini kali aulize kiasi kwanza. Kikomo cha gramu nne kwa siku kiliwekwa kwa mtu mzima mwenye afya.

Nimepona. Mbona bilirubini bado iko juu wiki ya sita?

Kwa sababu sehemu ya bilirubini hujishikiza kwenye albumini, na huondoka kwa mwendo wa albumini, yaani kwa wiki. Mkojo huwa umeshakuwa mweupe, INR imerudi, hamu ya chakula ipo, na macho bado yana umanjano. Kama vyote vingine vimeshuka, subiri.

Wachache waliougua aina A huona ALT ikipanda tena ndani ya miezi michache baada ya kuwa imeshuka. Kwa kawaida wimbi hilo la pili nalo huisha lenyewe. Aliyeugua aina B arudie kipimo cha HBsAg (kinachoonyesha kama virusi vya B bado vimo mwilini) baada ya miezi sita, hata kama ALT ni ya kawaida na anajisikia mzima. ALT haiwezi kusema kama virusi vimeondoka.